Kabla hujafuma ua, choma uzi

Haya jamani tukae, na nyie wa mlangoni njooni huku mbele, viti vipo. Mama zangu shikamooni. Wanangu, marahaba, japo sijasikia mtu kuniamkia. Najua mmekuja na sindano zenu mnataka mtoke na ua leo, tutafika huko, ila mimi mnanijua nikishapewa maiki lazima nianze na uzi. Nimelisema hili mpaka nimechoka na bado juzi napita soko la Mwanga hapa Kigoma namkuta binti kakumbatia mabunda matano ya uzi ananiambia, mama hii sufi safi, nataka kufuma yale maua ya kuchemsha, yanayosuguliwa mpaka yashikane. Sufi!

Sufi mwanangu ni ile ya kwenye mto wa kulalia, inatoka kwenye mti, msufi. Sufu ndo manyoya ya kondoo. Na ule uzi wake haukuwa sufi wala sufu, ilikuwa akriliki, yani plastiki, imezaliwa kwenye mafuta ya petroli huko kiwandani. Simlaumu muuza duka, yeye anauza uzi wa sweta na uzi wa sweta ndo huo. Na akriliki sio uzi mbaya, vitambaa vya makochi vya nusu ya mtaa wetu nimevifuma mimi na ni akriliki tupu, kofia za watoto pia. Lakini ukitaka lile ua lililoshikana likawa zito, mishono haionekani, unalikata na mkasi halifumuki, akriliki haikupi hilo hata uchemshe mpaka meli iende Mpulungu, Zambia, irudi.

Niwape kisa, wengine mshakisikia mtanivumilia. Nilipata oda ya kitchen party, maua 40 ya kubandika kifuani, zambarau na krimu. Advansi nikapewa na nikaila, sitadanganya. Nikafuma siku tisa. Usiku wa kuamkia shughuli nikabandika sufuria kubwa kwenye mkaa, nikafanya vilevile kama kwenye video niliyotumiwa na mwanangu, maji ya moto, sabuni, sugua. Nasugua. Saa mbili, saa nne, nikichungulia naona mishono ile ile inaniangalia, kila tundu naweza kulihesabu. Nikajiambia maji hayajapata moto, nikachochea mpaka yakatokota kabisa nikayatumbukiza yote. Yakatoka yamelegea kama matambara ya kudekia na yamekuwa makubwa kuliko nilivyoyafuma! Saa nane usiku baba watoto anatoka chumbani ananiuliza, we unapika makongoro saa hizi? Nikamwambia kalale.

Hapo ningekubali ningeokoa kitu. Sikukubali. Nikatia mkaa kwenye pasi, nikasema nitayanyoosha. Ua la kwanza nimegusa tu likaganda kwenye pasi, navuta linavutika kama bablishi, harufu ya ndoo inayoungua ikajaa nyumba nzima. Asubuhi nikapeleka 39. Yule dada angenitukana ningeshukuru, hakunitukana, aliyaangalia, akasema haya mama asante, akayarudisha kwenye mfuko. Ukumbini jioni sikuona hata moja kifuani kwa mtu. Hela iliyobaki sikuidai mpaka leo.

Sasa kwanini. Mchukue mgebuka ambaye hajatolewa magamba, mpitishie kidole kutoka kichwani kwenda mkiani, anateleza. Rudisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, anakukwaruza. Unywele wa sufu uko hivyo hivyo, una magamba madogo ambayo macho hayayaoni, yote yameelekea upande mmoja. Ukitia maji ya moto na sabuni yale magamba yanafunguka, ukisugua nyuzi zinatembea na kupenyana, moja inaingia kwa mwenzake haiwezi kurudi nyuma kwa sababu magamba yanaikatalia. Kitu kinasinyaa, kinakaza, na hakirudi tena kilivyokuwa. Mliowahi kusokota rasta mnaelewa haraka kuliko wote humu, nywele zikishashikana zimeshikana, na sufu na nywele ni jamii moja. Plastiki haina gamba, inateleza tu, itashikana na nini?

Kwa iyo, kibiriti. Chomoa kipande cha uzi kama urefu wa kidole, kishike na kibanio au koleo, uwe na kikombe cha maji pembeni, washa. Sufu inasitasita kuwaka, ukiondoa moto inazima yenyewe, inabaki jivu jeusi unalisaga na vidole likawa unga, na harufu yake ni ile ile ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa manyoya, huwezi kukosea. Akriliki inawaka fasta, inayeyuka, inadondosha matone ya moto, ikipoa inakuwa kidonge kigumu hukisagi hata kwa jino. Usiguse tone hilo, lina unguza vibaya. Na pamba? Inanuka karatasi. Nusu dakika tu umeokoa siku tisa.

Namuona dada pale anatingisha kichwa, anataka kusema muuzaji atakubali vipi nimchomee uzi wake. Nunua bunda moja kwanza! Hakuna aliyekutuma kununua matano. Mwingine atasema mama kondoo si wapo Kasulu huko, tunyoe tusokote. Kondoo wetu wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota, ukimnyoa utapata fujo tu na kondoo mwenye aibu. Na yupo atakayesema Kigoma na joto hili sufu ya nini, hapo ndo huwa nachoka kabisa, kwani nimesema mvae sweta? Ua la kilemba, ua la kwenye pochi, la kibanio cha nywele, linakupa joto gani? Au eti mambo ya kizungu. Kule Urusi kwenye jumba la makumbusho la Hermitage wameweka mabata maji wa sufu iliyoshikanishwa, wamefukuliwa kwenye makaburi ya Pazyryk huko Siberia, wana zaidi ya miaka 2,000. Waliowatengeneza walikuwa wafugaji wanaohama na mifugo yao, hawakuwa na video ya mtu.

Basi sufu mtaitoa wapi. Mitumba! Hapa nisikilizeni vizuri maana ndo mtaji wenyewe. Bale la masweta likifunguliwa watu wanakimbilia jaketi, masweta ya sufu yanabaki chini yanauzwa bei ya kutupa, na yakiwa na tundu la nondo ndo kabisa. Geuza shingoni au ubavuni soma lebo. Unatafuta neno “wool”, “100% wool” au “lambswool”, au ile alama ya bunda la uzi lenye mistari, inatumika tangu 1964. Ukikuta “superwash” au “machine washable” rudisha, hiyo magamba yake yameshaharibiwa kiwandani makusudi ili isisinyae, ni sufu kweli na kwenye moto itanuka mbuzi lakini kwa kazi yetu haifai. Kibiriti hakikusaidii hapo, lebo ndo inakusaidia, na kama lebo imekatwa kata kipande cha mkono usugue peke yake kwanza. Sweta likiwa zuri una njia mbili, ufumue uzi ufume upya, au ulichemshe zima zima kisha ukate petali na mkasi. Ya pili ndo rahisi, mimi naipenda ya kwanza, ni ubishi wangu tu.

Haya kufuma, naona muda unaenda. Sindano nene kuliko kawaida, uzi unaotaka namba 4 tumia 7 au 8, fuma kwa kulegeza, unataka mwanya ili nyuzi zipate pa kutembelea. Anza na mishono 60, fuma mistari sita hivi, halafu mstari unaofuata kusanya mishono miwili miwili ibaki 30, tena miwili miwili ibaki 15, kata uzi upitishe kwenye hiyo 15 uvute. Inajikunja yenyewe inakuwa waridi, unaishonea kwa chini isifunguke. Itaonekana kubwa na mbaya, iache hivyo hivyo. Beseni la maji ya moto ambayo mkono unavumilia, sabuni kidogo, yetu ya mawese inafaa sana, sugua taratibu kwanza halafu kwa nguvu, chovya maji ya baridi, rudi ya moto. Unaweza kuviringisha kwenye mkeka ukasukuma kama chapati. Inasinyaa kwenda juu zaidi kuliko upana, kwa iyo fuma sampuli upime na rula kabla na baada, msibishane na mimi kwenye sampuli. Suuza, kamua na taulo, lipange petali na vidole likiwa bado bichi, kausha kivulini.

Rangi sitafika leo, niseme tu sufu inakubali manjano ya jikoni lakini jua linaipausha, na maganda ya vitunguu pamoja na shabu yanatoa rangi ya dhahabu nzuri kweli. Bei nayo tutaongea siku nyingine maana hapo tutagombana. Sindano za kushikanisha sufu kwa kuichomachoma bila maji, zile zenye vijino, hapa mjini sijaziona, na mwenye kuagiza ajue zinakatika ukizipinda.

Naona kwaya wamefika mlangoni wanataka ukumbi wao. Dakika tano tu jamani. Aliyekuja na uzi aje hapa mbele, kibiriti ninacho, na nani ana kikombe cha maji?