Neno "au" na mabinti wa Moroko

Asanteni. Mada niliyopewa ni pana kama bahari: wasichana na mabadiliko ya jamii katika nchi za Kiarabu. Wanaonifahamu wanajua nitatia nanga wapi. Nitatia nanga Moroko, kifungu cha 20, na mkinivumilia nitakaa hapo hapo.

Mudawana, ile sheria yao ya familia, mnaijua, sirudii. Februari 2004 umri wa ndoa ulipanda, kwa msichana ukatoka 15 hadi 18 sawa na mvulana. Watu wakapiga vigelegele. Lakini kilichopigiwa vigelegele ni kifungu cha 19. Kifungu cha 20 kinafuata papo hapo chini yake, na wengi hawakukisoma.

Kinasema hakimu wa familia aweza kumruhusu aliye chini ya miaka 18 afunge ndoa, kwa uamuzi unaoeleza maslahi na sababu, baada ya kuwasikiliza wazazi, na kwa msaada wa uchunguzi wa daktari au uchunguzi wa kijamii. Lishikeni hilo neno "au". Kwa Kiarabu ni "aw". Ni lile lile letu, tuliliazima huko huko.

Sasa tulifuate jalada. Baba analeta ombi na cheti cha kuzaliwa cha binti. Hakimu ana njia mbili. Ya kwanza, amtume mtu wa ustawi wa jamii apande mpaka kijijini, tuseme huko milima ya Atlas, akaulize binti yuko darasa la ngapi, mume ana umri gani, na je, hizi familia mbili zinadaiana? Hiyo ni kazi ya siku nyingi, na watu wa kuifanya ni wachache. Njia ya pili ni karatasi ya daktari, inayoweza kupatikana siku hiyo hiyo. Wewe una rundo la majalada mezani. Utachagua ipi?

Na daktari anaandika nini? Kwamba mwili umekomaa, unahimili ndoa. Basi. Kuhusu shule hakuulizwa. Kuhusu akili ya mtoto wa miaka 15 kuendesha nyumba, kuzaa, kuishi na mama mkwe, hakuulizwa. Mistari michache juu ya mifupa na nyama ndiyo inayogeuka kuwa "maslahi ya binti" kwenye uamuzi.

Subirini, bado. Ruhusa ikishatolewa haikatiwi rufaa. Kifungu chenyewe kinasema hivyo. Na hakimu akikataa? Zipo familia zinazobeba jalada lile lile kwenda mahakama nyingine na kujaribu upya. Wala hakikutajwa kiwango cha chini: 17 ni ombi, 15 ni ombi.

Ndiyo maana mwaka 2004 zilifungwa ndoa zaidi ya 18,000 za namna hii, na mwaka 2011 zikawa karibu 39,000, chini ya sheria iliyosifiwa dunia nzima. Zilishuka baadaye, kweli, ruhusa zikawa kama 13,000 mwaka 2020. Hii dharura gani inayofika watu 13,000 kwa mwaka? Na takriban wote ni wasichana.

Naona mzee pale anatikisa kichwa: "Hii ni dini, mwanangu." Haya, tuizungumze dini. Moroko ni nchi ya madhehebu ya Maliki. Kwa Maliki, kama kwetu Shafii hapa pwani, mwanamke haolewi bila walii, yaani mlezi wa kumwoza. Lakini Mudawana, kifungu cha 25, inamruhusu mwanamke mtu mzima ajifungie ndoa mwenyewe, au amwachie baba yake kwa hiari yake. Waliitoa wapi? Kwa madhehebu ya Hanafi. Fiqhi, sheria ya Kiislamu, ina milango mingi, na wao walipoutaka mlango waliuona. Kwa hiyo msiniambie kwamba kubadili "au" kuwa "na", ili daktari na mtu wa ustawi wa jamii waulizwe wote wawili, ndiko kutakakoangusha dini.

Kuna na mlango wa uani, kifungu cha 16. Ndoa isiyo na hati iliweza kuthibitishwa mahakamani baadaye. Kipindi kiliwekwa cha miaka 5, kikaongezwa mpaka Februari 2019. Nia ilikuwa njema, kuwasaidia wazee wa vijijini waliooana bila karatasi. Ila familia ikawa inasoma Fatiha, binti anapelekwa kwa mume, anashika mimba, kisha wanakwenda mahakamani na tumbo. Hakimu afanye nini? Akikataa, mtoto anakosa nasaba. Anathibitisha. Kifungu cha 20 hakikuguswa hata kidogo.

Amina Filali wa Larache, mwenye miaka 16, alikunywa sumu ya panya Machi 2012 baada ya kuozwa kwa mtu aliyeelezwa kuwa alimbaka. Januari 2014 Bunge likafuta aya ya kifungu cha 475 cha sheria ya jinai, iliyokuwa ikimwokoa mtu wa namna hiyo akimwoa msichana. Vizuri sana. Mnamo Desemba 2024 yakatangazwa mapendekezo ya kuifanyia Mudawana marekebisho: umri wa ndoa 18, na ruhusa ya pekee kuanzia 17 kwa masharti makali. Mkisoma mswada, rukeni dibaji. Nendeni kwenye masharti hayo, mtazame viunganishi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Saudi Arabia, basi, nimeiruka. Tunisia vivyo hivyo.

Kifungu cha 49 haraka haraka: wanandoa waweza kuandikiana namna ya kugawana mali watakayoichuma, katika hati iliyo mbali na ya ndoa, na adul, yule mwandishi wa ndoa, analazimika kuwaarifu. Anawaarifu lini? Siku ya kufunga ndoa, wakwe wamekaa, chai imemiminwa. Bibi harusi gani atafungua mdomo kudai mali saa hiyo? Jambo hilo likae kwenye posa, wakati mahari inapotajwa, watu wanapojadiliana bila haya.

Na Misri: tangu mwaka 2000 hati yao ya ndoa ina nafasi iliyoachwa kwa ajili ya masharti. Mara nyingi maadhuni, mwandishi wa ndoa wa huko, hupiga hapo mstari, akaendelea na ukurasa unaofuata.