Redio ya Toyota Corolla 110: vitufe giza, sauti inakatika, stesheni zinafutika

Karibuni gereji, ndugu watazamaji. Gari lililo mbele yetu ni Toyota Corolla 110, kizazi kilichoanza kutoka mwaka 1995, na redio yake bado ni ile iliyotoka nayo Japani, ile pana yenye kaseti na CD. Mwenye gari ana malalamiko matatu. Usiku vitufe havionekani. Stesheni alizohifadhi zinafutika kila akizima gari. Na akipita kwenye matuta, sauti inakatika. Ameshashauriwa aing'oe aweke ya kioo kikubwa ya Android. Gari ni lake na hela ni zake, ila mimi naona ni mapema mno. Haya ni magonjwa matatu tofauti, na mengine huenda hayamo hata ndani ya redio yenyewe.

Kabla sijashika bisibisi, elewa jambo moja ambalo litakuokolea muda. Redio ya kiwandani haipati moto kwa waya mmoja. Nyaya za moto ni tatu. Wa kwanza una moto muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako; ndio unaotunza kumbukumbu, na mara nyingi ndio huohuo unaobeba mzigo mkubwa wa sauti. Wa pili unapata moto ukigeuza ufunguo hadi kwenye ACC, ile hatua ya kabla ya kuwasha injini, na kazi yake ni kuiamsha redio. Wa tatu unapata moto ukiwasha taa ndogo tu. Huo ni wa kuangaza vitufe, hauhusiani kabisa na kuimba kwa redio. Kwa hiyo redio inayoimba gizani si redio mbovu, na anayekuambia imekufa kwa sababu hiyo hajaipima.

Hatua ya kwanza ni fyuzi. Kwenye gari hili boksi lipo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Geuza kifuniko usome. Tunatafuta majina matatu: RAD & CIG, DOME na TAIL. Magari yanatofautiana, wengine watakuta na PANEL, ya taa za dashibodi. RAD & CIG ni fyuzi moja na kiwashio cha sigara, pale mnapochajia simu. Redio ikizima ghafla na chaja nayo ikazima, umeshapata jibu bila kufungua chochote. DOME inalisha taa ya darini, saa ya dashibodi na kumbukumbu ya redio. Hapa nafungua mlango... taa ya darini inawaka, saa iko sawa. Basi fyuzi ya DOME ni nzima, na kufutika kwa stesheni kunatokana na kitu kilichoko mbele yake. TAIL nayo: washa taa ndogo, zunguka nyuma ya gari. Zinawaka. Tunaendelea.

Fyuzi usiiamini kwa macho. Juu ya mgongo wake kuna vitundu viwili vya chuma. Weka ncha nyekundu ya mita ya umeme kwenye kimoja, kisha kwenye kingine, ncha nyeusi ikiwa kwenye bodi la gari. Vyote viwili visome volti 12 na ushee. Kimoja kikisoma na kingine kimya, imekatika. Ukibadilisha, weka ampea ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ya bluu ni 15, nyekundu 10, kahawia 7.5. Ile tabia ya kufunga karatasi ya sigara au kipande cha waya ndiyo inayounguza nyaya nyuma ya dashibodi, na hapo bili inakuwa nyingine kabisa.

Hatua ya pili, tunaitoa. Fungua negativu ya betri kwa spana namba 10. Wenye magari ya Ulaya, subirini hapohapo: redio nyingi za Volkswagen na Peugeot zina namba ya siri, na ukikata betri zinajifunga. Volkswagen itakuandikia SAFE. Tafuta namba yako kwanza kwenye kitabu cha gari. Toyota hizi za Japani mara nyingi hazina mambo hayo.

Fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na klipu. Ivute kwa kifaa cha plastiki, taratibu, ukianzia chini. Usitumie bisibisi ya chuma, plastiki ya umri huu inakatika kama biskuti. Nyuma yake kuna bolti nne za namba 10. Zikitoka, redio inakuja pamoja na vyuma vyake vya pembeni. Usiinyakue; kwa nyuma imeshikwa na plagi mbili na waya wa antena.

Hatua ya tatu ndiyo yenye majibu. Narudisha negativu ya betri, plagi ziko nje ya redio, na mita iko kwenye volti za DC. Plagi kubwa ya Toyota ina pini kumi, na rangi zake zimedumu miaka mingi: bluu yenye mstari wa njano ni moto wa muda wote, kijivu ni ACC, kijani ni taa, kahawia ni negativu. Nyaya za spika za mbele ni pinki na zambarau upande wa kushoto, kijani hafifu na bluu upande wa kulia. Usichanganye kijani na kijani hafifu, watu wengi wanateleza hapo.

Napima. Kahawia na bluu-njano, ufunguo umezimwa: sifuri. Nageuza ACC: 12.3. Unaona? Huu waya ulitakiwa uwe na moto muda wote, lakini unafuata ufunguo. Sogea karibu na kamera. Huku nyuma kuna utepe mweusi, gundi yake imeyeyuka. Naubandua... Haya. Aliyefunga alamu zamani alikata bluu-njano, akauunganisha na kijivu. Upande unaotoka kwenye gari ameuacha ukining'inia, shaba yake imeshaota ukijani. Ndiyo maana ufunguo ukizimwa, kumbukumbu inaondoka.

Tiba yake: kata sehemu iliyooza mpaka uone shaba inayong'aa, sokota, choma risasi (ile solda ya kuunganishia nyaya), funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Utepe peke yake hautoshi, dashibodi ikipigwa jua mchana kutwa utaachia tena. Na kata betri kabla ya kugusa waya huu, kwa sababu una moto hata gari likiwa limelala. Nimeunganisha, nimerudisha betri, napima tena: 12.4 ufunguo ukiwa nje. Lalamiko la stesheni kufutika limekwisha, na redio bado hatujaifungua.

Sasa giza la vitufe. Washa taa ndogo, pima kijani na bodi la gari: 12.3, moto upo. Ila usikimbilie globu bado. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile, kile kigurudumu cha kupunguza mwanga wa dashibodi kinafanya kazi upande wa negativu. Mtu akikizungusha hadi mwisho wakati anasafisha, anakuja gereji kulalamika taa zimekufa. Kizungushe kote. Hapa hakuna mabadiliko, kwa hiyo tunaingia ndani.

Kata betri, weka redio mezani juu ya kitambaa. Toa skurubu za kifuniko, kisha uso wa mbele. Una vishikizo vya plastiki pembeni, na nyuma yake kuna utepe wa nyaya usiopenda kuvutwa. Piga picha kila unapofungua kitu.

Nyuma ya uso huu kuna vishikio vidogo vyeusi vyenye mfereji katikati. Ingiza bisibisi bapa, zungusha robo, kinatoka na globu yake. Angalia hii: ina kofia ya mpira wa kijani. Rangi ya vitufe inatokana na kofia hiyo, globu yenyewe ni nyeupe. Usiitupe, ichomoe kwa kucha. Kioo cha ndani kimekuwa cheusi na uzi umekatika. Weka mita kwenye ohm: nzima itakupa namba ndogo, hii haisomi kitu.

Una njia mbili. Nunua globu ya aina hiyohiyo ya volti 14, uvalishe kofia, umemaliza. Au weka LED. Ukichagua LED, lazima uweke rizista, kile kipande cha kupunguza umeme, mbele yake. Gari likiwaka, umeme unafika volti 14.4, LED nyeupe inachukua kama 3, zinabaki 11.4. Rizista ya kilo-ohm 1 itapitisha takriban miliampea 11, zinatosha sana kwa kitufe, na ya robo wati haitapata joto la kukutisha. Mguu mrefu uende kwenye chanya. Kasoro yake: kile kigurudumu cha kupunguza mwanga hakitaisikiliza LED vizuri kama globu. Mimi kwa redio ya kiwandani napenda globu, mwanga wake unalingana na saa na vitufe vya hita.

Badilisha zote kwa pamoja. Zina umri mmoja.

Sauti inayokatika. Kabla ya kufungua, nilitumia BAL (inayohamisha sauti kushoto na kulia) na FADE (mbele na nyuma) kusikiliza spika moja moja. Ingekatika moja tu, ningeenda mlangoni kwenye ule mpira unaopitisha nyaya, kwa sababu mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku na shaba inachoka. Lakini hapa zinakatika zote kwa mpigo. Hiyo ni njia wanayochangia zote: moto, negativu au kibao cha saketi.

Pindua kibao, weka taa kwa ubavu, na ikiwezekana tumia kioo cha kukuzia. Angalia sehemu zenye uzito: pini za plagi ya nyuma, na miguu ya IC, yaani chipu, ya sauti, ile iliyofungwa kwenye bati la kupoza. Mnaona duara jembamba jeusi linaloizunguka pini hii? Risasi imepasuka. Pini inagusa gari likitulia, likiruka tuta inaachia. Safisha kwa spiriti, paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), gusa kwa pasi ya risasi ya wati 40 na uongeze risasi mpya kidogo. Ikipoa iwe inang'aa na imekaa kama mteremko kuelekea kwenye pini. Rudia pini zote za plagi hata kama hazijapasuka.

Hapohapo, onyo kuhusu spika. Usiunganishe waya wowote wa spika na bodi la gari. IC za redio hizi kwa kawaida zinasukuma spika kutoka pande zote mbili, kwa hiyo hata ule unaoitwa negativu una kama volti 6 redio ikiwa imewashwa. Ukiugusisha na chuma, unaweza kuipoteza IC.

Rudisha plagi, jaribu redio ikiwa bado inaning'inia nje. Hifadhi stesheni, zima, toa ufunguo, washa tena. Ipo. Washa taa ndogo: vitufe vyote vya kijani. Nagonga juu ya redio kwa kiganja, sauti haikatiki.

Jambo la mwisho kwa wale ambao redio inashika stesheni chache tu. Redio ya Japani ya miaka ile inasoma FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, huku kwetu stesheni zinakwenda hadi 108. Kile kiboksi kidogo kwenye waya wa antena kinashusha namba. Kikiwa cha kushusha 14, stesheni ya 100.0 utaipata kwenye 86.0, na chochote kilicho juu ya 104 hutakipata. Kikifa, redio inabaki na mvumo mtupu. Kichomoe, chomeka antena moja kwa moja. Zile za chini ya 90 zikirudi, nunua kiboksi kipya, redio iache. Kisha rudisha bolti nne, klipu za fremu ukianzia juu, na uhakikishe hakuna waya uliobanwa nyuma ya chuma.