Nani Aliyemponza Macbeth?

Tangu S. S. Mushi alipotutafsiria Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1968, mjadala wake darasani umekuwa ule ule: nani alimsukuma Macbeth amuue Mfalme Duncan na kutwaa taji? Huku wanaolaumu wachawi waliomtabiria, kule wanaomlaumu mkewe. Macbeth mwenyewe anakaa pembeni kama shahidi. Leo naomba tumpandishe kizimbani.

Wachawi wale watatu walisema nini hasa? Kwamba atakuwa bwana wa Cawdor, kisha mfalme. Basi. Hakuna aliyetaja kisu. Ila mtazameni Macbeth anavyosikia: anashtuka, mpaka Banquo, jemadari mwenzake, anamuuliza mbona anaogopa habari njema namna hii. Mtu hushtuka hivyo akisikia siri yake ikitoka kinywani mwa mwingine.

Banquo naye katabiriwa makubwa, kwamba uzao wake utatawala. Usiku usingizi umemlemea lakini hataki kulala, anaomba aepushwe na mawazo mabaya. Kwa hiyo maneno yale yamemwingia naye pia. Tofauti ni kwamba anapigana nayo. (Najua mtasema Shakespeare alimpendelea. Kweli. Katika kitabu cha historia cha Mwingereza Holinshed alichokitumia, Banquo alishiriki njama ile, na Mfalme James aliyekuwa akitawala Uingereza wakati huo alidai kutoka katika ukoo wa Banquo. Mwandishi naye alikuwa na mkubwa wa kumwogopa!)

Tuje kwa mke. Simtetei. Kuwalevya walinzi ni mpango wake, na mume aliporudi na majambia mikononi, akakataa kurudi chumbani kwa marehemu, ni yeye aliyeyachukua akayarudisha. Bila ya mama yule, naamini Duncan angeamka salama asubuhi. Lakini fungueni tendo la kwanza, onyesho la saba. Macbeth anataka kujitoa, na mke anamkumbusha: si wewe uliyeniletea jambo hili, tena wakati hapakuwa na nafasi wala mahali? Macbeth hakanushi. Anachouliza ni hiki: je, tukishindwa?

Kwa hiyo mke alimpa ujasiri na ratiba. Tamaa ilikuwa ya mwenyewe.

Asiyeridhika na ushahidi huo, aangalie yanayofuata baada ya taji. Kwenye tendo la tatu Macbeth anakodi watu wamuue Banquo. Mkewe anauliza kuna nini; anajibiwa kwa maneno matamu kwamba asijue kitu mpaka kazi iishe, ndipo ashangilie. Mshawishi mkuu kafungiwa mlango, na mauaji yanaendelea. Mke na watoto wa Macduff, mkuu aliyempinga Macbeth, wanachinjwa bila mke wa Macbeth kuombwa hata ushauri.

Na wachawi? Mwanzoni ndio waliomngoja njiani. Katika tendo la nne anafunga safari mwenyewe kuwatafuta, anawaamuru wamjibu hata kama dunia nzima itabomoka, na wanapomwambia asiulize zaidi, anawatishia laana.