Begi la Maji Hufia Begani

Jamani, leo tunashona begi la mgongoni la kukimbilia, lenye mfuko wa maji na mrija wa kunywea, na naona kila mtu ameshika kitambaa chake cha soko la Gikomba na mkasi uko tayari. Wekeni chini. Kitambaa hakina shida: hema kuukuu la nailoni au begi la shule la mtumba litafaa. Kata vipande viwili vya sentimita 45 kwa 25, acha sentimita moja na nusu ya mshono, basi. Twende begani.

Lita 2 za maji ni kilo 2. Umesimama, huzisikii. Ukishuka vilima vya Ngong mbio, kila hatua inazirusha, na uzito wote unaangukia pale mkanda uliposhonewa. Sasa mtu anapitisha mshono mmoja kukingama mkanda, anaurudia mara mbili, anasema umeshika. Umeshika nini? Matundu ya sindano yaliyopangana mstari mmoja ni kama ya stempu: umeuonyesha mkanda pa kuchanikia!

Tafuta mkanda wa kiti cha gari kwa wauza spea wa Barabara ya Kirinyaga. Uliopauka kwa jua uache, umeshadhoofika. Ncha iyeyushe kwa kiberiti isifumuke. Laza sentimita 5 juu ya kitambaa, weka kiraka cha mkanda huohuo upande wa pili, kisha shona mraba wenye msalaba wa kona kwa kona ndani, mishono ya milimita 3. Uzi wa poliesta. Wa pamba hunywa jasho ukaoza.

Mtaniambia cherehani ya nyumbani haipenyi hapo. Inapenya. Weka sindano namba 18, toa mguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono. Mara nyingi sindano huvunjika kwa sababu unavuta kitambaa. Waachie meno ya cherehani kazi yao.

Muda unanibana. Ndani, juu kabisa, shona kitanzi cha kuning'iniza mfuko wa maji. Bila hicho mfuko unaporomoka, mrija unajikunja, unanyonya na maji hayaji. Mfuko na mrija nunueni vipya, vya kuwekea kinywaji. Mpira uliopitisha petroli hausafishiki, na hilo sijadili. Anayeuliza mfuko wa ndani ya katoni ya mvinyo: unafaa, ila kuunganisha mrija kwenye bomba lake pasivuje ni kazi.

Zipu sikuifikia. Haya, nani ana mkanda? Lete tuzitazame kingo zake.