Mtoto kashiba, na mama je?

Jamani habari zenu, wa nyuma mnanisikia? Haya. Leo sijaja kuhubiri kwamba ziwa la mama ndo bora, hilo mshaambiwa mpaka basi, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama tu, halafu aendelee kunyonya huku anakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni vile tunavyomsomea mtu hiyo sheria kajifungua juzi, mshono unauma, chuchu zimechanika, usingizi hana.

Kichanga kinanyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ndani yake, sasa piga hesabu mwenyewe huyo mama analala saa ngapi. Alafu siku za mwanzo yanatoka kidogo tu, yale mazito ya njano, watu wa nyumbani washaanza "wewe huna maziwa", kumbe ndo kawaida, mengi huja kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 hivi. Na hofu nayo haisaidii, maana oksitosini, ile homoni inayosukuma maziwa yatoke, mtu akiwa na wasiwasi inazuiwa. Yaani mnamtisha, yakigoma mnamlaumu yeye!

Mama kulialia wiki 2 za kwanza ni kwa wengi, huwa kunapita. Kukizidi hapo, au hata mtoto amelala yeye hapati usingizi, au anawaza kujidhuru, usingoje wiki ziishe, mpeleke hospitali. WHO wanakadiria kama 13% ya waliotoka kujifungua wanapata shida ya akili, hasa sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Na zipo dawa za sonona ambazo daktari anaweza kumpa huku ananyonyesha, setralini mojawapo, kwa hiyo asiachishe wala asiache dawa kwa maneno ya jirani.

Sasa kuamua. Chuchu kuuma mara nyingi ni mtoto hajashika ziwa vizuri, mkunga amwangalie mama akiwa ananyonyesha, siyo kumwelekeza kwa mdomo tu. Anaweza kukamua, mtu mwingine akalisha usiku, anaweza kuchanganya na ya kopo, japo ajue ziwa lisiponyonywa wala kukamuliwa maziwa yanapungua. Akiamua maziwa ya kopo peke yake, sawa, naye afundishwe, siyo anuniwe: maji yachemshwe, yasishuke chini ya nyuzi 70 wakati wa kukoroga, kipimo kama kopo linavyosema bila kuzimua ili unga udumu, yapoe ndo mtoto apewe. Wengi wanakosea hapo kwa sababu wanajifunza kwa kujificha.

Na nyie akina baba mnaocheka huko, ziwa hamna lakini nepi mnaziweza, kuosha chupa mnaweza, kumzuia shangazi mwenye maneno ndo mnaweza kabisa maana ni shangazi yenu. Ukifika nyumbani muulize mke wako amekula nini leo, kabla hujauliza mtoto kanyonya mara ngapi.

Haya, maswali.