Chaja ya Wati 65 Kwenye Mashine ya Gemu

BAKARI: Karibuni tena, tuko hapa hapa Tanga. Leo ni laptopu ya kazi za kila siku na gemu kidogo jioni. Karatasini tuna mambo sita ya kukagua kabla hujanunua, lakini Zuhura ana lake la juzi Barabara ya 12, naye hawezi kulala nalo.

ZUHURA: Siwezi! Nilimsindikiza mpwa wangu dukani. Yuko chuo, anataka kuandika kazi zake, muvi, na mpira wa kwenye kompyuta. Katolewa mashine ya gemu iliyotumika, ina GTX 1650, kadi ya michoro, yaani kipande kinachochora picha za gemu. Gemu ikifunguliwa, wachezaji wanakimbia kama wamo matopeni. Muuzaji anasema Windows, ule mfumo unaoiendesha mashine, imechoka, ikipigwa upya itatulia. Nikageuza chaja nikasoma tumboni: volti 19.5, ampea 3.34.

BAKARI: Wati 65.

ZUHURA: Wati 65, kaka! Mashine za aina ile nyingi hutoka kiwandani na chaja ya 130 mpaka 150.

BAKARI: Msikilizaji, shika kalamu. Soma mstari wa OUTPUT, zidisha volti kwa ampea. 19.5 mara 6.67 ni kama 130. Sasa ukicheza, prosesa (ubongo wa mashine) ya daraja hilo huvuta kama wati 45, kadi kama 50. Hapo tayari 95, bado kioo, feni na betri inayotaka kujazwa. Chaja ya 65 itatoa wapi? Mashine inajibana na kupunguza kasi, au inakula betri huku imechomekwa ukutani.

ZUHURA: Na zipo, Dell kwa mfano, ambazo chaja inajitambulisha kwa pini nyembamba ya katikati. Pini ikipinda, au ukipachika chaja isiyotambulika, mashine ikiwaka inakuandikia kwamba haijui chaja ni ya aina gani, haijazi betri na inashusha kasi ya prosesa. Hapo piga Windows upya mpaka uchoke.

BAKARI: Namna ya kuhakikisha: gemu ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia Performance, kisha CPU, tazama Speed. Ikiganda chini ya GHz 1 na gemu iko hewani, anzia kwenye chaja kabla hujamlaumu mtu. Haya bibie, turudi karatasini. La kwanza, prosesa.

ZUHURA: Stika ya i7 isikutie kiwewe, soma namba zake zote. i7-4600U ya 2013, kizazi cha 4, ina viini 2 tu vya kufanyia kazi. i5-8250U ya 2017, kizazi cha 8, inavyo 4. Tena Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inazikubali prosesa hizi za Intel kuanzia kizazi cha 8. Mashine ya kizazi cha 4 unanunua leo, kesho unahangaika.

BAKARI: Na herufi ya mwisho: U inabana umeme, H inafungulia. Ukiona H, uliza chaja.

ZUHURA: Umeirudisha mwenyewe! Basi tuimalize. Ya USB-C je? Kebo ya kawaida inabeba ampea 3, kwa volti 20 hizo ni wati 60. Chaja ya 65 inataka kebo ya ampea 5, yenye chipu ndani. Watu wananunua chaja nzuri, kebo wanaokota droo ya simu.

BAKARI: Na umeme ukikatika, chomoa. Chaja nyingi zinavumilia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme kufifia si neno. Hatari ni ule mshindo wake unaporudi.

ZUHURA: Dakika zinakwenda. Nimpe jibu mpwa wangu: achukue mashine ya ofisi. Dell Latitude 5420 kwa mfano, i5 ya kizazi cha 11, nafasi mbili za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Aweke GB 8 na 8. Ikiwa na kipande kimoja tu, michoro yake, iliyomo ndani ya prosesa, inajitambulisha kama Intel UHD, ya daraja la chini. Ukiweka viwili inakuwa Iris Xe, na gemu zinapata pumzi kwa sababu njia ya kumbukumbu imekuwa mara mbili.

BAKARI: Hapo sikufuati. Iris Xe haina kumbukumbu yake, inaombaomba RAM. Wenye gemu ya mpira ya EA Sports FC 24 wenyewe waliandika kima cha chini ni GTX 1050 Ti na RAM GB 8. Mnunulie GTX 1650 yenye GB 4 zake, mtafutie chaja sahihi, basi.

ZUHURA: Ashushe ubora wa picha mpaka 720p, mpira unachezeka. Wewe unampa mzigo wa kilo mbili na ushee, chaja ni tofali, apande nao daladala kutoka Mabawa kila siku. Umeme ukikatika saa moja jioni, betri ile haimmalizii kazi ya chuo.

BAKARI: Kazi ya chuo ataiandika hata kwenye mashine yangu. Lakini kadi ya michoro ndani ya laptopu haibadilishwi kama RAM. Ukikosea siku ya kununua, umekosea mpaka siku ya kuuza.

ZUHURA: Na uzito wake unabadilishwa? Kijana anacheza saa moja, anaibeba kutwa.

BAKARI: Saa moja hiyo ndiyo aliyoiwekea akiba.

ZUHURA: Mimi ndiye shangazi.

BAKARI: Shangazi hachezi! Haya, dakika mbili zimebaki, na karatasini tumegusa moja. SSD ya kuhifadhia mafaili, kioo, kibodi, feni, betri…

ZUHURA: Betri tu, tafadhali, ndiyo inayowaumiza watu.

BAKARI: Fungua Command Prompt, andika powercfg, acha nafasi, mkwaju (/), batteryreport bila nafasi. Inakutengenezea faili, na inakuonyesha imeliweka wapi. Linganisha DESIGN CAPACITY, ujazo wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo wake wa sasa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, toa bei ya betri mpya kwenye bei ya mashine kabla hujalipa.

ZUHURA: Na feni?

BAKARI: Feni wiki ijayo, wa kipindi kinachofuata wameshafungua mlango.