Drafti Isiyo na Kete

(Mazungumzo na vijana wa ligi yetu ya fantasi, kwenye kibanda umiza, Mtwara mjini)

Jamani, sogeeni kidogo, mama wa mihogo apite. Wa Ligula mmefika? Haya.

Nikisema drafti, wazee pale chini ya mwembe wanadhani nimewaletea kete. Hapana, ni namna nyingine ya kucheza fantasi, ule mchezo wa kuchagua wachezaji wa kweli na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Fantasi mliyoizoea kila mtu ana pauni milioni 100 za mchezo za kununulia wachezaji, na sote tunaweza kuwa na straika Haaland. Kwenye drafti hakuna pesa, na mchezaji ni wa mtu mmoja. Akishachukuliwa, basi tena. Wala si mnada wa korosho, kwamba mwenye bei kubwa ndiye anaondoka na mzigo. Hapa ni zamu tu, nayo inageuka: aliyechagua mwisho raundi ya kwanza ndiye anaanza raundi ya pili.

Sasa tuko wanane. Ukiokota karatasi ya zamu namba moja utashangilia, utabeba mtu wako, halafu utakaa. Zamu yako nyingine ni ya 16, ukiunga na ya 17. Hapo katikati wameshaondoka watu 14. Kwa hiyo achana na swali la nani bora. Jiulize: nikirudi, nitamkuta nani?

Hesabuni na mimi. Kikosi kina watu 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu. Wanane mara wawili, makipa 16. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, kila moja na kipa wake. Makipa hawaishi! Mimi mwaka jana nilibeba kipa raundi ya pili, nikachekwa mpaka minada ya korosho ikafunguliwa.

Washambuliaji je? Wanane mara watatu, 24. Na timu nyingi siku hizi zinaanza na straika mmoja. Kuna mtu humu ataondoka na wakaa benchi. (Sauti kutoka nyuma: "Wewe!") Inawezekana, kaka.

Ila msikimbilie kujaza mastraika watatu, maana kanuni inakuruhusu kupanga mmoja tu kati ya wanaoanza. Mpate mmoja wa uhakika mapema, kisha viungo wanaofunga. Bao la kiungo ni pointi 5, la straika 4. Salah wa Liverpool msimu wa 2024/25 alifunga mabao 29 na kutoa asisti 18, yaani pasi za mabao, na fantasi ilimwandika kiungo! Mtu wa namna hiyo humwachi apite.

Mabeki sina maneno mengi: timu isiyofungwa ovyo, baadaye baadaye huko.

Karatasi za zamu ziko kwenye kofia. Aanze mwenye kibanda.